Kutembea kwa miguu: milima ya Irangi au Hanang?

Ukitoka Dodoma na siku chache za likizo, mimi nakushauri Irangi. Lami ya kwenda Babati inakupitisha Kondoa mjini hadi Kolo, ambako ni lazima uchukue mwongozaji katika ofisi ya mambo ya kale. Michoro ya miambani ya huko iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Usiipite mbiombio: simama kivulini, macho yazoee, ndipo wanyama na watu warefu wembamba wa rangi nyekundu watajitokeza kwenye jiwe.

Bondeni Haubi kuna ziwa na mashamba, na makorongo marefu. Mmomonyoko ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mifugo yote iliondolewa. Leo unapita kwenye vichaka vilivyorudi, na wenyeji Warangi watakueleza zaidi ukiwaamkia vizuri.

Hanang, juu ya mji wa Katesh, ni jambo jingine: mita 3,420, msitu kisha nyasi, kupanda tu. Uzuri upo, ila unataka pumzi, nguo za baridi na kuanza alfajiri. Masika usiende, njia huteleza vibaya. Wenye watoto au wazee, Irangi bila kusita.