Mahakama Kongwe ya Hanover, Virginia: Uchambuzi Wangu

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nawachambulia jengo: mahakama ya zamani ya Kaunti ya Hanover, jimbo la Virginia, Marekani. Lilijengwa karibu na mwaka 1740, Virginia ikiwa bado koloni la Uingereza, na mpaka leo limesimama.

Tuanze na ufundi. Tazameni hapa mbele: matao matano ya matofali, na nyuma yake kibaraza chenye kivuli. Siku ya mahakama iliangukia mara moja kwa mwezi, watu wakitoka mashambani mbali, wakisubiri kesi zao huku wakipiga soga na kufanya biashara, kama sisi tunavyokaa barazani. Mjenzi alilifikiria hilo. Matofali yenyewe yamelazwa kwa zamu, ubavu, kichwa, ubavu, kichwa. Kazi safi kabisa.

Sasa umaarufu wake ulitoka wapi? Mapadri wa Kanisa la Uingereza walilipwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Mavuno yakawa mabaya, bei ikapanda, na mwaka 1758 bunge la koloni likaamua walipwe fedha, peni mbili tu kwa ratili. Mfalme akaitangua sheria hiyo. Padri James Maury akafungua kesi hapa Hanover, akashinda. Ikabaki kupanga fidia tu. Tarehe 1 Desemba 1763 akasimama wakili wa upande uliomkabili padri, kijana wa miaka 27, Patrick Henry, na aliyeongoza mahakimu siku hiyo ni baba yake mzazi. Henry akasema mfalme anayefuta sheria njema amegeuka dhalimu, hastahili tena kutiiwa. Wengine wakanong'ona, “Uhaini!” Jopo, yaani raia waliochaguliwa kuamua kesi, likatoka, likarudi baada ya dakika chache: fidia, peni moja.

Simulizi nyingi za jengo hili zinaishia hapo, na mimi hapo ndipo ninapokataa. Hao mahakimu walikuwa wenye mashamba, wengi hawakusomea sheria. Waligawa leseni za vilabu vya pombe, wakaamua madeni, wosia na barabara. Na tangu sheria ya 1692, mtumwa aliyeshtakiwa kwa kosa la kunyongwa alihukumiwa na mahakimu peke yao, bila jopo lolote. Jopo lile lile lililompa Henry ushindi, mtumwa hakuwa nalo. Watoto walioletwa kutoka Afrika nao walipelekwa mahakamani, mahakimu wakawatazama na kuwakadiria umri, ili ijulikane lini mwenye mali aanze kuwalipia kodi ya kichwa. Mtoto anakadiriwa umri kwa ajili ya kodi! Inaniuma sana.

Kasoro kubwa ya Hanover ni hii: sehemu kubwa ya kumbukumbu zake zilipelekwa Richmond, mji mkuu wa Virginia, zihifadhiwe, zikateketea kwa moto wa Aprili 1865. Matofali yapo, majina hayapo.

Kwa hiyo, ukitaka usanifu na hotuba ya Henry, nenda Hanover bila kusita. Ukitaka karatasi zenyewe, nenda Kaunti ya Northampton, mji wa Eastville, humo humo Virginia: kumbukumbu za mahakama yao zinaendelea bila kukatika tangu 1632.