Tathmini ya OpenWrt: laini moja ya intaneti, kompyuta nyingi

Kuziunganisha kompyuta tatu au nne kwenye laini moja ya intaneti si kazi tena. Kifaa anachokuja nacho mtoa huduma huzigawia kompyuta anwani za ndani chenyewe, na mwenye nyumba hana la kufanya ila kuchomeka waya au kuandika nywila ya Wi-Fi. Kazi inayobaki, ambayo vifaa vingi vya namna hiyo huifanya vibaya, ni kuigawa laini kwa haki wakati watu kadhaa wanaitumia kwa pamoja: mmoja anapakia video, mwingine yumo mkutanoni, na kompyuta ya tatu imeamua yenyewe kupakua masasisho. Hicho ndicho kipimo ninachotumia hapa kuitathmini OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani), ambayo nimekaa nayo nyumbani muda wa kutosha kuujua uzuri wake na usumbufu wake.

OpenWrt ilianza mwaka 2004. Asili yake ni ruta ya Linksys WRT54G, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2002 ikiwa na Linux, mfumo endeshi huria, ndani yake. Na kwa kuwa leseni ya Linux humtaka anayeisambaza atoe pia msimbo chanzo, msimbo huo ulipotolewa wajuzi walipata pa kuanzia kuijengea ruta hiyo programu yao wenyewe. Siku hizi inaendesha ruta za kampuni nyingi, haiuzwi, na husimamiwa kupitia ukurasa wa kivinjari uitwao LuCI, ambao ni mkavu wa sura lakini hauna matangazo wala sharti la kufungua akaunti.

Ili kueleza kwa nini naisifu, lazima kwanza niseme kinachoharibu intaneti ya watu wengi. Mtu akilalamika kwamba laini ni nzito, ushauri wa haraka huwa ni kununua kasi kubwa zaidi, ilhali mara nyingi ugonjwa hauko kwenye kasi bali kwenye foleni. Ruta na modemu huwa na hifadhi ya muda ambamo data husubiri zamu ya kutoka, na watengenezaji wengi huifanya kubwa mno wakiogopa kupoteza data. Chukua laini yenye kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde na hifadhi ya megabaiti 1: hifadhi hiyo ikijaa, kila kinachoingia nyuma yake husubiri sekunde 1.6 kabla ya kuondoka nyumbani. Sauti ya aliye mkutanoni hukatika, kurasa za wavuti hukawia kufunguka, na kipimo cha kasi ukikiendesha baadaye, mpakiaji akiwa amekwisha kumaliza, kinakuambia kwamba laini ni nzima kabisa.

Dawa ya OpenWrt imo katika kifurushi kiitwacho luci-app-sqm, ambacho katika usanikishaji wa kawaida huongezwa na mtumiaji mwenyewe. Unakiambia kasi ya laini yako ya kupakua na ya kupakia, ukiipunguza kidogo, tuseme asilimia 85 hadi 95 ya kasi halisi, ili foleni ijengeke ndani ya ruta unayoitawala badala ya modemu usiyoitawala. Kuanzia hapo ruta ndiyo inayoamua nani atoke lini. Kasi hiyo kidogo inayoachwa huwauma wengi, nami naona ni kafara yenye faida: laini iliyopungua kidogo lakini yenye ucheleweshaji mdogo wakati wote hupendeza kutumia kuliko laini kamili inayoganda kila mtu mmoja anapopakia faili.

Kinachofanya ugawaji wenyewe ni CAKE, njia ya kupanga foleni iliyoingizwa katika Linux toleo la 4.19 mwaka 2018. Njia zilizoitangulia zilizoea kugawa kasi kwa kila muunganisho, yaani kila njia ya mawasiliano ambayo programu hufungua na seva, na hapo mjanja hupata zaidi. Kwenye laini ya megabiti 32 kwa sekunde, kompyuta inayopakua kwa miunganisho 30 kwa mpigo itachukua megabiti 30, na kompyuta mbili nyingine zenye muunganisho mmoja mmoja zitaachiwa megabiti moja moja. CAKE inaweza kugawa kwa kila kompyuta kwanza, kisha ndani ya kompyuta kwa kila muunganisho, kwa hiyo zote tatu hupata takriban megabiti 10.7 kila moja hata kama ya kwanza ingefungua miunganisho mia. Na fungu la kompyuta isiyolihitaji haliwekwi akiba; huenda kwa zinazolihitaji.

Hapa pana mtego ambao nadhani ndio kasoro kubwa ya bidhaa hii, kwa sababu humfanya mtu aamini kwamba amemaliza kumbe bado. Kompyuta zote za nyumbani zinapotoka kwenda kwenye intaneti hubadilishiwa anwani na kuvaa anwani moja ya nje, hivyo CAKE ikikaa upande wa nje wa ruta huona kana kwamba nyumba nzima ni kompyuta moja, na haki ya kila kompyuta hutoweka. Lazima uchague hati ya maelekezo inayotumia CAKE, kwa mfano piece_of_cake, ufungue mipangilio ya ndani zaidi, kisha uandike kwa mkono maneno nat dual-srchost upande wa kupakia na nat dual-dsthost upande wa kupakua. Jambo ambalo ndilo sababu ya mtu wa nyumbani kuhangaika na programu hii lilistahili kuwa kitufe cha kubofya, si maneno ya kukariri.

Usumbufu mwingine uko kwenye kuanza. Si kila ruta inakubali OpenWrt, na zenye chipu za Wi-Fi za Broadcom hasa ni za kuepukwa. Orodha ya vifaa vinavyokubalika isomwe kabla ya kununua, tena hadi kwenye namba ya toleo la kifaa, kwa maana ruta mbili zenye jina moja huweza kuwa na vipuri tofauti ndani. Ruta yenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu haifai tena kwa matoleo mapya. Aidha, kifaa cha mtoa huduma kikibaki mbele yake na vyote viwili vikitumia anwani 192.168.1.1, ambayo ndiyo ya kawaida kwa OpenWrt, vitagongana mpaka ubadilishe anwani ya kimojawapo, kwa mfano iwe 192.168.2.1.

Prosesa nayo ina neno. Kupanga foleni hufanywa na prosesa yenyewe, njia za mkato za kupitisha data zikiwa zimezimwa, na ruta za zamani zenye kiini kimoja huishiwa nguvu hata kabla ya megabiti 200 kwa sekunde. Mwenye laini ya kasi kubwa anahitaji kifaa chenye viini kadhaa vya ARM (aina ya prosesa iliyomo kwenye simu nyingi) au kompyuta ndogo ya x86 (aina iliyomo kwenye kompyuta nyingi za mezani). Wenye laini ya simu, ambayo kasi yake hupanda na kushuka kutwa nzima, watapata nafuu ndogo zaidi, kwa kuwa kasi unayoandika haibadiliki yenyewe.

Nisingependa pia mtu aipe OpenWrt sifa isiyo yake: kompyuta iliyo nyuma ya kuta tatu ikitumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 itabaki taabani, maana foleni hiyo iko hewani na si kwenye laini. Ya mezani ivutiwe waya.

Kwa anayetaka kugawa intaneti kwa kompyuta mbili tu kwa muda mfupi, Windows ina uwezo huo tangu Windows 98 toleo la pili, la mwaka 1999, na hakuna cha kununua. Ila kompyuta inayogawa ikizimwa, nyingine zote hukatika, na hakuna mpangilio wa haki wa aina yoyote.

Naipa OpenWrt nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya mtego nilioueleza, pamoja na namna masasisho yanavyofanyika: kusasisha kwa njia ya kawaida huhifadhi mipangilio lakini hufuta vifurushi ulivyoongeza, kikiwemo cha kupanga foleni, na anayesahau kukirudisha atarejea kwenye sauti zinazokatika bila kujua kwa nini. Tumia njia ya kusasisha iitwayo Attended Sysupgrade, ambayo huandaa toleo jipya likiwa na vifurushi vyako ndani yake, na uweke nakala ya mipangilio kwenye kompyuta kabla ya kubofya.