Mwaka mmoja na Subaru Impreza WRX STI (GRB) hapa Dar: uzoefu wangu

Nilipoanza kulitafuta gari hili nilikuwa na sharti moja: liwe kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka umepita na sharti hilo ndilo ningemwambia mtu wa kwanza atakayeniuliza, kabla ya kumtajia bei, mafuta au chochote.

Za hapa mjini nilizokwenda kuziona karibu zote zilikuwa zimeshachezewa. Bomba la moshi limekatwa, bosti (msukumo wa hewa ya tabo) imepandishwa, programu ya kontro boksi, yaani kompyuta ya injini, imebadilishwa na mtu ambaye hata mwenye gari hamjui vizuri. "Hii ni mashine, kaka," ndivyo unavyoambiwa. Ukiuliza ilipimwa wapi baada ya kupandishwa bosti, mazungumzo yanahamia kwenye rimu. Injini za EJ, ndizo zilizomo kwenye magari haya, hazivumilii mambo hayo. Hewa ikizidi na mafuta yakapungua ndani ya silinda, injini inaanza kugonga, na kugonga huko kunavunja pistoni pale pembeni panaposhika ringi. Oili nayo ikipungua, beringi za konrodi ndizo zinazoondoka kwanza. Ukinunua iliyochezewa unanunua na madhambi ya mtu mwingine, na bili ya injini inaletwa kwako.

Kwa hiyo niliagiza Japan. Ni hatchback ya 2008, injini ya EJ207, gia sita za mkono. Karatasi ya mnada ilikuwa daraja la 4. Wanaoagiza wajifunze kusoma karatasi hiyo wenyewe, wasimwachie dalali. Gari lenye R au RA lilishagonga likatengenezwa, na bei yake itakuvutia sana kabla hujajua kwa nini.

Kwenye kodi kuna jambo moja linalowapita wengi. Injini hii ina cc 1,994, hivyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5. STI zenye injini ya cc 2,457 zinavuka mstari wa cc 2,000 na zinalipiwa asilimia 10. Hapo bado kuna ushuru wa uchakavu: gari likizidi miaka 10 unaongezewa asilimia 30, na kwa gari hili hakuna pa kukwepea maana yote yameshavuka umri huo. Ongeza ushuru wa forodha na VAT ndipo utaelewa kwa nini gari linaloonekana rahisi kwenye mnada linafika bandarini likiwa na bei nyingine kabisa. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, kabla hujatuma hata senti.

Sasa gari lenyewe. Kutoka kiwandani lina nguvu farasi 308 kwenye mizunguko 6,400, na nguvu ya mzunguko Nm 422 kwenye 4,400. Namba hizo za mwisho ndizo za kukaa nazo kichwani. Chini ya mizunguko 3,000 gari ni la kawaida, unaweza hata kujiuliza pesa imeenda wapi. Tabo ikishajaa linakusukuma kwenye kiti na halichoki haraka, mshale unapanda kuelekea 8,000 bila kulalamika. Na mlio? Watu wanaposikia Subaru wanangoja ule mngurumo wa kukatikakatika. Hili halina. EJ207 za Japan zina tabo ya njia pacha, na mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda kwenda kwenye tabo yana urefu sawa. Ule mngurumo unatokana na mabomba yasiyolingana. Vijana wa kuosha magari waliniuliza mara nyingi mbona halilii, na wapo walionishauri nikabadilishe. Mimi naupenda hivi ulivyo, mzito na mkavu, na majirani wanalala.

Ndani ya Dar, niseme ukweli, gari hili linateseka. Klachi ni nzito, na foleni ya Ubungo jioni inaifanya nzito zaidi. Intakula, kile kipoza hewa ya tabo, imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la kwenye boneti, kwa hiyo ukisimama muda mrefu juani inapata moto na gari linapoteza wepesi mpaka litembee kidogo. Matuta ya mitaani yanapandwa kwa upande na kwa subira. Shokapu ni ngumu, na mama yangu alishuka akaniambia taratibu, "Mwanangu, hili la kwendea kazini, sio la kunipeleka hospitali." Mafuta mjini ni kilomita kama sita kwa lita. Safarini, ukiwa mstaarabu, inafika tisa au kumi. Natumia petroli bora kuliko zote ninayoipata na najaza kwenye sheli ileile, kwa sababu gari lilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japan. Ikiwekwa hafifu, kompyuta inasikia injini ikigonga na inapunguza nguvu ili kujilinda. Ukihisi gari limekuwa zito baada ya kujaza mahali pageni, sababu inaweza kuwa hiyo.

Lakini toka nalo Dar. Pita Chalinze, Morogoro, vuka Mikumi polepole kama vibao vinavyotaka (lile bango la faini za kugonga wanyama si pambo, na twiga akivuka hana haraka), ingia Iyovi, shuka Ruaha Mbuyuni hadi unapoanza mlima wa Kitonga. Hapo ndipo nilipolielewa. Malori ya Tunduma yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona zimebana, ukuta wa jiwe upande mmoja na korongo upande mwingine. Sio mahali pa kukimbia, na anayekimbia pale anatafuta kufa na watu wengine. Ila ni mahali ambapo unajua gari lako linakusikiliza au halikusikilizi. Usukani unaelekeza pale unapotaka hasa. Breki za Brembo, pistoni nne mbele na mbili nyuma, zinashika vilevile chini ya mlima kama zilivyoshika juu, bila harufu na bila pedali kuzama. Nimeshuka mlima ule na magari mengi na sikuwahi kushuka nikiwa nimetulia hivyo.

Masika ilinifundisha upande mwingine. Nguvu inagawanywa asilimia 41 mbele na 59 nyuma, na difu ya katikati inajirekebisha yenyewe ukiiacha kwenye otomatiki. Kwenye lami iliyolowa gari linatoka kwenye kona limenyooka kama halijui kuna maji. Yote hayo yanategemea tairi. Saizi ni 245/40 rimu 18, ghali, na tairi za bei nafuu za saizi hiyo zinaliharibu gari lote.

Kuhusu mwendo wenyewe: Barabara ya Iringa ina vijiji, kila kijiji kina kibao cha 50, na tochi ya askari ya kupimia mwendo ipo. Ukipigwa, faini ni shilingi elfu thelathini. Gari hili kwenye gia ya tatu linavuka 100 wakati bado unafikiria, kwa hiyo macho yanakaa kwenye dashibodi. Askari wengi walinisimamisha kwa kulitazama tu. Mmoja aliinama dirishani: "Hii ya rali, eeh?" Nikamwambia, "Ya nyumbani tu, afande." Akaomba nifungue boneti.

Matunzo ndiyo kazi kubwa. Oili napima kila wikendi, injini ikiwa ya baridi, na kopo la lita moja halitoki kwenye buti. Namwaga oili kila kilomita 5,000, sintetiki 5W-40, sisubiri zaidi. Silikanyagi kabla halijapata moto, sikandamizi pedali likiwa gia ya tano na mizunguko iko chini, na baada ya kupanda mlima naliacha lingurume kidogo kabla ya kulizima. Spea zipo, lakini uwe macho. Duka moja liliniuzia plagi zilizoandikwa jina kubwa, fundi wangu akazikataa kwa kuzishika tu mkononi. Plagi za injini hii ziko ubavuni, kuzifikia ni shughuli, huwezi kurudia kazi kwa sababu ya bidhaa feki. Fundi anayeijua boksa, yaani injini ya silinda zilizolala ubavuni kama hii, ni wa kumtunza. Na bima iwe kubwa.

Mwenye familia na gari moja tu, anayeishi kwenye barabara ya vumbi, achukue Subaru Forester, iliyoinuka zaidi. Mwenye pesa ya kununua lakini hana ya kulitunza asubiri. Anayesafiri kwenda Iringa, Mbeya au Arusha na anapenda kuendesha kwa moyo wake wote, atafute lisiloguswa, hata kama atangoja mwaka.

Langu linakaribia kilomita 100,000, kwa hiyo kazi inayofuata ni mkanda wa taimingi, pamoja na tenshona, roli na pampu ya maji, vyote kwa mpigo mmoja. Seti halisi nimeagiza, iko njiani. Ikishafungwa nitarudi kuandika gharama zake hapahapa chini.