Vishikio vya meno vya kufunga kwa bolti: nilivyoviona kwenye mashine ya kukwangua lami

Mimi ni fundi wa mashine, siuzi spea, kwa hiyo nasema nilichokishika kwa mikono yangu. Tunatumia mashine ya Wirtgen W 200; ngoma yake, yaani silinda inayozunguka na kukwangua barabara, ina upana wa mita 2 na meno 162. Meno kila mtu anayajua kwa sababu ndiyo yanayoisha kila siku. Kishikio, kile kipande cha chuma ambamo jino linachomekwa, hakuna anayekikumbuka mpaka kivunjike.

Kabla ya hii nilikuwa kwenye mashine kuukuu ambayo vishikio vyake vilichomelewa moja kwa moja kwenye ngoma. Kimoja kikivunjika, usiku umeharibika. Unajikunja nyuma ya ngoma na mtungi wa gesi, unakata mabaki, unapiga grainda, unatega kipya, unachomelea, unasubiri kipoe. Ukikosea pembe kidogo tu, jino halizunguki, na jino lisilozunguka linalika upande mmoja mpaka linabaki kama patasi. Kesho yake bosi anauliza kwa nini meno yanaisha haraka, na wote wanakuangalia wewe.

Hii ya sasa ina mfumo wa vishikio wa Wirtgen unaoitwa HT22. Kitako ndicho kimechomelewa kwenye ngoma. Sehemu ya juu inayobeba jino inakaa juu yake na kukazwa kwa bolti. Kwa maneno hayo haionekani kitu kikubwa. Nilikuja kuelewa tofauti usiku mmoja upande wa Chalinze, tukikwangua mibonyeo iliyoachwa na magurudumu ya malori. Ngoma ikakuta chuma kilichofukiwa ndani ya lami. Mlio ule ukishausikia huusahau. Vishikio vitatu vimekwenda, na lami ya moto ilishatoka kiwandani iko njiani. Tukazima injini, ufunguo nikauweka mfukoni mwangu (hapo sina mzaha na mtu), tukafungua nyuma. Nusu saa vyote vitatu vimefungwa, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa ilikuwa ya kutafuta soketi aliyoiacha saidia fundi kwenye gari la maji.

Kwa uimara, vyetu vya katikati ya ngoma bado vipo tangu mwaka jana. Vya pembeni vinaisha mapema, maana ndivyo vinavyochonga ukingo wa njia. Lakini mara nyingi muuaji wa kishikio ni sisi wenyewe: kichwa cha kabaidi, ile ncha ngumu ya jino, kimekwisha, opareta anasema amalizie mita mia mbili kwanza, na kuanzia hapo kinachosuguana na barabara ni kishikio. Jingine ni maji. Nozeli zikiziba, jino linapata moto, vumbi linaganda kwenye tundu, jino linakwama. Kila tukisimama mimi huyazungusha kwa mkono; lisilozunguka natoa, nasafisha tundu, narudisha au naweka jipya.

Bei imekaza, sitaficha. Navipa vishikio hivi nyota nne, na ile moja niliyoibakiza ni ya risiti. Kwa sababu hiyo hiyo ya bei, kuna wakati tulinunua vya kuiga kwenye duka moja mjini. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Ukivikalisha juu ya kitako ndiyo unaona vinagusa upande mmoja tu. Bolti ikalegea, kishikio kikacheza usiku kucha, na asubuhi kitako chenyewe kimelika. Kitako hakifungwi kwa bolti, kaka. Tukarudi kwenye gesi na grainda kulekule nilikokimbia, na kile tulichookoa dukani kikaishia kwa mchomeleaji.

Ukiamua kununua, kabla ya kufunga safisha uso wa kitako kwa brashi ya waya. Punje ya lami ikibaki pale, kishikio kinakaa mshazari hata kama ni halisi. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Habari ya kuongezea bomba kwenye mpini wa spana achana nayo. Mimi pia hurudia kuzikagua bolti zamu ya kwanza ikiisha.

Siku hizi kwenye boksi langu la saiti kuna vishikio sita, bolti zake, na soketi ile ile, nimeifunga kwa waya kwenye mpini wa boksi.