Asikloviri: vidonge vinastahili bei yake, krimu haina maajabu

Asikloviri ni dawa ya kupambana na virusi vya herpesi. Dawa ni ileile, ila inauzwa kwa sura mbili: vidonge vya miligramu 200, 400 au 800, na tyubu ndogo ya krimu ya asilimia 5. Wengi hushika tyubu kwa sababu ni rahisi kutumia. Hapo ndipo hela inapotea.

Sifa kwanza. Kirusi cha herpesi simpleksi, kile kinacholeta malengelenge ya mdomo na ya sehemu za siri, kikifika kwenye kiini cha seli, hutumia protini zake 7 kunakili DNA yake, yaani uzi wa maelekezo ya kurithi: moja hushika mahali pa kuanzia, tatu hufungua nyuzi na kuweka kipande kifupi cha kuanzishia uzi mpya, moja huzuia uzi uliofunguliwa usijisokote, na mbili hujenga uzi mpya. Nakala hutoka zimeungana kama mkufu, kisha hukatwa vipande vya herufi takriban 152,000 na kupakiwa kila kimoja kwenye ganda lake. Asikloviri inafanana na tofali mojawapo la DNA, lakini haina kishikizo cha kuungia tofali linalofuata. Ikipachikwa, uzi unaishia hapo. Tena haifanyi kazi mpaka ibandikwe fosfati 3, na ya kwanza hubandikwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Ndiyo maana seli zisizo na kirusi haizigusi sana.

Kirusi kilicholala kwenye fundo la neva hakinakili kitu, hivyo dawa haina cha kunasa. Anayekuuzia kwa ahadi ya kumaliza herpesi kabisa anakudanganya.

Kasoro ya vidonge ni ratiba. Tumbo hunyonya asilimia 10 hadi 20 tu, na nusu ya kilichoingia huondoka mwilini kwa takriban saa 3. Kwa mkanda wa jeshi, unaoletwa na kirusi ndugu wa herpesi simpleksi, mtu mzima humeza miligramu 800 mara 5 kwa siku, siku 7: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Hivyo ni vidonge 35. Ukipewa vya 200, ni 140, na hapo ndipo watu huanza kuruka dozi. Valasikloviri, dawa ndugu inayogeuka asikloviri mwilini, hunyonywa vizuri zaidi, gramu 1 mara 3 kwa siku. Kwa msahaulifu, hiyo ndiyo ya kununua.

Anza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Mkanda ukipanda usoni karibu na jicho, usisubiri dukani, nenda hospitali.

Krimu hupakwa mara 5 kwa siku kwenye malengelenge ya mdomo, na hupunguza muda wa kuugua kwa takriban nusu siku tu. Kwa mkanda wa jeshi haisaidii, na jichoni haipakwi kamwe. Kuna mafuta maalumu ya macho.

Kunywa maji ya kutosha unapomeza vidonge, maana dawa inaweza kuganda chembechembe ndani ya figo. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, kwa hiyo apime kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.