Kozi ya kusimamia darasa kwa walimu: sehemu ya kwanza usiikose, ile ya zawadi iangalie kwa makini

Nimemaliza hii kozi ya mtandaoni ya walimu kuhusu kusimamia darasa, ile ya video ambayo unajisomea mwenyewe kwa spidi yako, na kwa vile walimu wengi wananiuliza kama inafaa ama ni kumaliza bando tu, naandika yote hapa kwa pamoja. Naipa nyota 4 kati ya 5. Karibu zote zimetoka kwenye sehemu ya kwanza, ile inayoongelea mambo ambayo mwalimu anayafanya KABLA fujo haijaanza, na kama huna muda angalia hiyo tu, mengine utarudi kuyaangalia baadae.

Manake walimu wengi tukisikia nidhamu ya darasa akili inakimbilia adhabu moja kwa moja. Nani atoke nje, nani apige magoti, nani jina lake liandikwe ubaoni. Kozi inaanza kwa kuvunja hiyo fikra, na inamtumia Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye siku moja alimkemea mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anasoma gazeti wakati wa kipindi, akashangaa kuona wanafunzi wengine ambao hata hawakuguswa nao wamejiweka sawa. Akaanza kutafiti makemeo, lipi linafanya kazi na lipi halifanyi, akaja kurekodi madarasa kwa video, na kitabu chake cha mwaka 1970 kikaligeuza swali lenyewe: namna walimu wanavyokemea haikuwatofautisha wale wenye madarasa matulivu na wale wenye madarasa ya vurugu. Tofauti ilikuwa kwenye yale yanayofanyika mapema. Mwalimu mwenye darasa tulivu ana macho kisogoni na wanafunzi wanalijua hilo, anaweza kushughulika na mambo mawili kwa mpigo, somo lake haliko na vituo vituo, na kila mtoto anajua anaweza kuulizwa muda wowote. Hapo ndipo kozi ilipoanza kunishika.

Alafu wanakuonyesha, hawaishii kuongea. Kuna video ya mwalimu anagawa madaftari, anasimama mbele anaita jina moja moja, mtoto anatoka nyuma kabisa anakuja anachukua anarudi, mwingine anaitwa, na kamera haiko kwa mwalimu, iko kwa watoto wanaosubiri. Mwanzo wametulia, baadae kidogo wawili wanaanza kunong'ona, mmoja anamvuta mwenzie begi, mpaka madaftari yanaisha darasa limeshachemka na mwalimu anaanza kupiga kelele "nyamazeni!". Kisha wanarudia, darasa lilelile na mwalimu yuleyule, ila safari hii madaftari yameshapangwa kwa safu kabla kengele haijalia, mtoto mmoja kwa kila safu anapitisha, na ubaoni tayari kuna swali la kuanza nalo. Hakuna aliyeadhibiwa, hakuna aliyebembelezwa, na kazi imeanza. Yaani pale unaona kwa macho yako kwamba ile fujo ya kwanza ilitokana na muda mtupu, watoto hawakuwa na kazi ya kufanya, na muda mtupu darasani ni wa mwalimu kuuziba, sio wa mtoto kuuvumilia.

Somo la sheria za darasa nalo ni zuri ila inabidi ulisikilize mpaka mwisho kwasababu mwanzo linaonekana kama yale yale tunayoyajua, sheria chache, zinazoeleweka, ziseme cha kufanya badala ya kukataza tu. Utamu unakuja pale wanapoleta utafiti wa Madsen, Becker na Thomas wa mwaka 1968, ambao walijaribu kitu kimoja baada ya kingine darasani: kuweka sheria peke yake kulibadilisha kidogo sana tabia za watoto, kuongeza kupuuza utundu nako hakukusaidia, mambo yakakaa sawa pale mwalimu alipoanza kumsifia mtoto anapofanya vizuri na wakati huohuo kuupuuza utundu mdogomdogo. Kwa hiyo lile bango zuri la sheria ukutani bila mwalimu anayeona na kutaja mazuri ni karatasi tu. Na kozi inasisitiza sifa iseme kitu chenyewe, "umefungua daftari kabla sijasema, vizuri", sio "hongera" za jumla jumla ambazo mtoto hajui kapewa kwa lipi.

Kinachofuata ni kufundisha taratibu kama unavyofundisha somo, na hiki naona walimu wengi tunakirukaruka. Unataka watoto waingie darasani kwa utulivu? Waonyeshe, wafanye, wasahihishe, warudie, hata kama itakula dakika za kipindi cha kwanza cha muhula. Kukusanya kazi, kuomba ruhusa ya kutoka, kuhama kwenda kwenye makundi, nini cha kufanya ukimaliza mapema, vyote vifundishwe. Mtoto akikosea utaratibu anarudia kuufanya vizuri, basi, kama vile akikosea hesabu anavyorudia hesabu. Wiki za mwanzo utaona kama unachelewa silabasi ila muda unaorudi baadae ni mwingi mno.

Video niliyoipenda kuliko zote ni fupi kabisa. Kijana wa dawati la tatu anagonga meza kwa vidole, tap tap tap, mwalimu anaeleza ramani ubaoni. Hasimami, hamtaji jina, hamwangalii hata kwa ukali. Anaendelea kueleza huku anatembea taratibu kati ya madawati, anafika pale, anaweka kidole kwenye kitabu cha yule kijana penye ile ramani, anasubiri kidogo, vidole vinatulia, anaondoka na sentensi yake hajaikata. Wenzake wengi hata hawajajua kilichotokea. Sasa fikiria angesema "wewe! unagonga nini hapo?". Darasa zima linageuka, kijana ana watazamaji, inabidi ajibu kitu ili asidharaulike, mwalimu naye inabidi ashinde, na ramani imesahaulika. Kosa dogo lipewe jibu dogo, na linapohitaji maneno basi maneno yawe ya chini, karibu, wawili tu, ikiwezekana baada ya kipindi. Hilo somo pekee lingetosha kunifanya niipendekeze hii kozi kwa kila anayeanza kufundisha.

Wameweka pia habari ya kusubiri baada ya kuuliza swali, ambayo wengi hawaihesabu kama ni nidhamu. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde 1 tu kabla hawajamtaja mwingine au kujijibu wenyewe, na wakivuta mpaka sekunde 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu, wanaojitokeza kujibu wanaongezeka, wale wanaokaa kimya kila siku nao wanafungua mdomo. Ukiangalia vizuri ni mambo ya nidhamu kabisa, kwasababu mtoto ambaye anajua mwalimu hatamsubiri ameshajitoa kwenye somo, na aliyejitoa kwenye somo atatafuta shughuli nyingine ya kufanya. Jaribu kusubiri sekunde 3 kamili mbele ya darasa utaona zilivyo ndefu.

Sasa kasoro. Sehemu ya zawadi na pointi imefanywa haraka haraka na hapa ndipo nyota yangu moja ilipopotelea. Wanakuambia weka pointi, weka stika, kila wiki mshindi apewe kitu, wanasonga mbele. Hawasemi kabisa kuhusu utafiti wa Lepper, Greene na Nisbett wa mwaka 1973, ambapo watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora wenyewe waliahidiwa cheti wakichora, na siku za baadae walipoachwa huru wale walioahidiwa walichora muda mfupi zaidi kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Mwalimu anatakiwa kulijua hili kabla hajaanza kugawa stika kwa mtoto anayesoma hadithi kwa raha zake. Zawadi inafaa, sikatai, hasa kwa kazi ambayo mtoto hajaizoea na haipendi bado, ila ukiimwaga kila mahali unaweza kuua hamu iliyokuwepo. Kozi ya walimu ilitakiwa iseme hivyo wazi.

Na ule mchezo wa tabia njema wa mwaka 1969 wa Barrish, Saunders na Wolf, ule wa kugawa darasa makundi na kuweka alama kundi likivunja sheria, wameueleza kama mashindano ya kawaida ya mshindi mmoja. Sivyo ulivyotengenezwa. Makundi YOTE yanaweza kushinda yakibaki chini ya idadi fulani ya alama, na hiyo sio sehemu ndogo, maana ukiacha mshindi mmoja tu, kundi lenye mtoto mtukutu litakuwa linashindwa kila siku na watamgeukia yule mtoto. Nimewaandikia kuhusu hili kwenye fomu ya maoni na natumaini watalirekebisha.

Lingine ambalo limenigusa ni kwamba hawajagusa kwa nini mtoto anasumbua. Kuna mtoto anafanya vituko kila ukifika wakati wa kusoma kwa sauti kwasababu hajui kusoma na ni afadhali aonekane mtundu kuliko aonekane mjinga mbele ya wenzake. Kuna asiyesikia vizuri na amekaa nyuma. Kuna aliyelala na njaa. Kwa hao mbinu za kutembea kati ya madawati zitakupa utulivu wa dakika mbili tatu, kinachotakiwa ni kukaa nae pembeni, kuongea na mzazi au mlezi, kumhamishia mbele, kumpa maneno machache ya kusoma ambayo ulishayapitia nae kabla. Kidokezo kimoja rahisi ambacho kozi ingeweza kukiweka: andika ni saa ngapi na kwenye kazi gani usumbufu unatokea, ukiona unarudi palepale basi tatizo liko kwenye ile kazi au ule muda, sio kwenye roho ya mtoto.

Fimbo hawaigusi. Ningependa waiseme, kwasababu wapo walimu watakaoangalia video zote hizi wakasema mbona mimi kwangu wanatulia tu kwa kuniogopa. Wanatulia ukiwepo. Toka nje kidogo usikilize. Na mtoto anayeogopa hanyooshi mkono kusema sijaelewa, ambalo ndio neno mwalimu analihitaji kuliko yote.

Madarasa makubwa pia wameyapita juu juu. Video zote ni za darasa lenye watoto wachache na nafasi ya kutosha kati ya madawati, ukiwa na darasa lililojaa mpaka mlangoni huwezi kumfikia yule wa kona ya nyuma ukiwa unaongea. Nilichokiona kinasaidia ni kupanga njia moja tu ya kupita inayogusa kila safu badala ya njia nyingi finyu, kuanzia somo ukiwa umesimama nyuma baadhi ya siku, na kuwapa viongozi wa safu kazi halisi za kugawa na kukusanya, sio kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Hiyo ya majina inazaa visasi na upendeleo kati ya watoto, mi naomba iachwe kabisa.

Upande wa utumiaji hauna shida, sauti iko safi, kuna maandishi chini ya video, unaweza kupakua ukaangalia bila mtandao, na maswali ya mwisho wa kila somo yanauliza ungefanya nini kwenye tukio fulani badala ya kukariri majina ya watafiti. Cheti kipo ila usikifuate hicho. Kifuate kile kikaratasi cha kuangaliana walimu wawili wawili kilichofichwa mwisho wa somo la tano, kina safu ya kuandika muda mtupu umetokea wapi, sifa ngapi zimetajwa na makemeo mangapi, na mwalimu amesimama wapi muda mwingi. Kichapishe, mpe mwenzako akae nyuma kwenye kipindi chako kimoja, kisha na wewe ukae kwake.