Vipande vya fluvalineti dhidi ya utitiri wa varoa: je, vinaufaa mzinga wa Tabora?

Watazamaji wangu, hasa ndugu zangu wafugaji wa nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua, leo nachambua vipande vya plastiki vilivyotiwa dawa ya fluvalineti ya kuulia varoa, yaani vidudu vidogo vinavyowanyonya nyuki, ambavyo baadhi yenu mmeniuliza kama mvinunue.

Kipande hiki huning'inizwa katikati ya fremu, ili nyuki wanaopita juu yake waichukue dawa mwilini na kuwaambukiza wenzao. Dawa haipenyi vifuniko vya majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya sega, na humo ndimo utitiri unamozaliana, zaidi kwenye majana ya madume. Ndiyo maana kipande hukaa mzingani wiki 6 hadi 8, ili kiukute utitiri unapotoka. Pale ambapo utitiri haujawa sugu kinaua vizuri, na hilo silipingi.

Ninachokipinga ni kukitumia huku kwetu. Fluvalineti huyeyuka katika mafuta, hivyo hujikusanya kwenye nta, na hata ukiichemsha nta hiyo na kuichuja, dawa hubaki. Sisi tunauza asali na nta ya miombo kwa sababu ya usafi wake. Tukiupoteza usafi huo tutamwuzia nani? Tena mizinga yetu mingi ni ya magogo, haina fremu. Nyuki wetu nao si wanyonge: Afrika Kusini, ambako varoa iligunduliwa mwaka 1997, makundi mengi yaliachwa bila dawa, na baada ya miaka kadhaa nyuki wenyewe walimudu kuishi nayo, kwa kusafishana na kuyatoa majana yaliyoshambuliwa.

Badala yake, hesabuni utitiri kwanza: nunueni chupa ya mdomo mpana na wavu wa matundu ya milimita 3 hivi. Chota nusu kikombe cha nyuki kutoka kwenye sega la majana, yaani nyuki wapatao 300, baada ya kuhakikisha malkia hayumo. Funika mdomo wa chupa kwa wavu, mimina vijiko viwili vikubwa vya sukari ya unga ya kupambia keki, viringisha chupa taratibu, iache dakika mbili kivulini, kisha itikise juu ya sinia jeupe lenye maji kidogo. Sukari itayeyuka, nanyi mtauona utitiri: vidoa vya kahawia iliyoiva, bapa, vipana kuliko vilivyo virefu. Nyuki warudisheni mzingani wakiwa hai.

Wafugaji wengi wa Marekani huanza kutibu wakikuta utitiri 9 kwa nyuki 300. Mkifikia hapo kwenye mzinga wa viunzi, ambamo masega hutolewa moja moja, kateni sega la majana ya madume yaliyofunikwa, mlitoe, na mumwite ofisa nyuki wa wilaya kabla ya kugusa dawa yoyote.